Bima imegoma kutoa dawa ya baba ya kifua: tuanze na fomu

*"Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mwanza mjini. Baba yangu ana miaka 67, anaishi Ukerewe na yumo kwenye kadi yangu ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) kama mtegemezi. Alianza sigara akiwa kijana na bado anavuta moja moja. Kwa miaka mingi amebanika sangara kwa biashara, na tanuri lipo hapo hapo uani. Mwaka jana alizidiwa mara mbili, mara ya pili akalazwa Mwanza. Daktari bingwa alimpima kwa kupuliza kwenye mashine, akamwandikia tiotropiamu ya kuvuta na pampu ya salbutamoli. Karatasi ya mashine ninayo: FEV1/FVC 0.54, FEV1 48%, sijui maana yake. Mwezi wa kwanza tulinunua wenyewe. Mwezi wa pili nilimpeleka kituo cha afya karibu na kwangu, wakanakili dawa zile zile kwenye fomu. Famasi wakasema tiotropiamu inahitaji kibali, na jibu likarudi kwamba taarifa hazijitoshelezi. Kwenye fomu ugonjwa umeandikwa 'pumu'. Je, ni kwa sababu yeye ni mtegemezi? Jirani ananishauri nimwombe daktari aandike ugonjwa mwingine mzito ili ipite. Mama naye ana pumu na ana pampu yake ya kila siku, ya budesonidi na fomoteroli. Baba aitumie tukisubiri? Na ni kweli pampu zinazoesha? Baba anaziogopa, sasa hivi anameza aminofilini tu."*

Marahaba, Mwalimu, na pole kwa kuuguza. Umeuliza mengi, lakini naona linalokusumbua zaidi ni hofu kwamba bima imeshaamua baba hastahili dawa hii. Kwa maelezo yako, uamuzi wa namna hiyo haujafanyika. Fomu ilikwenda ikiwa na upungufu, ikarudishwa. Ninaandika fomu za aina hii karibu kila siku ya kliniki, na nakuhakikishia kwamba kibali hupatikana au hukosekana kwenye chumba cha daktari, kabla karatasi haijafika kwa mtu yeyote wa bima.

La mtegemezi tulimalize haraka. Kadi ya mtumishi wa umma hubeba mchangiaji, mwenza wake na wategemezi wanne, jumla watu sita, na kitita cha mafao, yaani huduma na dawa zinazolipiwa, ni kile kile kwa wote. Ile asilimia 6 ya mshahara inayokwenda Mfuko kila mwezi, nusu yako na nusu ya mwajiri, inamhudumia baba sawa na inavyokuhudumia wewe. Wenye vifurushi vya kujilipia na wenye bima za kampuni ndio wanaopaswa kusoma mipaka ya mikataba yao kwa makini.

Sasa kibali chenyewe. Dawa nyingi hutoka bila kuulizwa. Chache ambazo ni ghali, au zinazoweza kuandikiwa watu wasiozihitaji, huwekewa kizuizi: mtaalamu wa upande wa bima lazima aridhike kwanza. Mtu huyo hamwoni baba yako wala hasikii anavyohema akipanda ngazi. Ana karatasi tu, na maswali yake ni matatu. Dawa imo kwenye kitita? Kituo kilichoiandika ni cha ngazi inayoruhusiwa kuiandika? Ugonjwa uliotajwa unaendana na dawa, na ushahidi wake uko wapi? Fomu ya baba ina walakini kwenye swali la pili na la tatu kwa mpigo.

Kuhusu ngazi: orodha ya taifa ya dawa muhimu, ambayo utasikia wafamasia wakiiita NEMLIT, inaipa kila dawa herufi. A ni ya kuanzia zahanati, B kituo cha afya, C hospitali ya wilaya, D hospitali ya rufaa ya mkoa, na S ni ya hospitali za ubingwa. Dawa ya herufi ya juu ikiandikwa kituo cha chini, hata kama imenakiliwa neno kwa neno kutoka kwa bingwa, mlipaji ana haki ya kuirudisha. Kwa hiyo mwulize mfamasia wa hospitali herufi ya kila dawa iliyo kwenye karatasi ya baba. Ni swali la dakika moja, na litakuokoa na safari za bure. Salbutamoli unaweza kuendelea kuichukua karibu na nyumbani. Tiotropiamu irudishe kwa aliyeianzisha.

Kosa kubwa zaidi ni hilo neno "pumu".

Huku kwetu mzee yeyote anayekoroma kifuani huambiwa ana pumu, na mara nyingi hata sisi wahudumu tunaandika hivyo kwa haraka ya foleni. Lakini kila ugonjwa kwenye fomu una namba yake ya kimataifa. Pumu ni J45. Ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, ule unaoandikwa COPD kwenye mafaili ya hospitali, ni J44. Kwa J44 tiotropiamu ni miongoni mwa dawa za mwanzo kabisa. Kwa J45 ni ya kuongezea, tena baada ya mgonjwa kuwa tayari kwenye dawa ya kuvuta yenye steroidi, ile ya kutuliza uvimbe wa mirija, na bado hajatulia. Mkaguzi akikuta J45, hakuna steroidi, hakuna kipimo, halafu anaombwa tiotropiamu, anarudisha. Hata mimi ningekuwa kwenye kiti chake ningerudisha.

Tofauti hii haiishii kwenye namba. Katika pumu, misuli inayozunguka mirija ya hewa hukaza na utando wa ndani huvimba, kisha hali hiyo hupungua kwa dawa au yenyewe. Mgonjwa ana siku nzuri na siku mbaya. Kwa baba, moshi wa sigara na wa tanuri umeijeruhi mirija midogo kwa miaka, ikapata makovu na kujaa makohozi. Vifuko vidogo vya hewa navyo vimeharibika, na ile hali ya mapafu kuvutika na kurudi imepungua, kama soksi iliyolegea mpira. Akitoa pumzi, mirija inajikunja kabla hewa haijatoka yote, na hewa chakavu inabaki imenasa ndani. Ndiyo maana anakwambia hewa haiingii, wakati shida iko kwenye kutoka. Ukimtazama utaona anatoa pumzi kwa midomo iliyobanwa, ingawa hakuna aliyemfundisha.

Karatasi yako ya mashine, yaani spairometri, inalisema hilo hilo kwa namba. FVC ni hewa yote aliyoweza kuipuliza. FEV1 ni ile iliyotoka katika sekunde ya kwanza. Kwa baba, sehemu iliyotoka sekunde ya kwanza ni 0.54 ya hewa yote. Ikiwa chini ya 0.70 hata baada ya kuvuta salbutamoli, mirija imeziba kwa kudumu. Na 48% maana yake FEV1 yake haifiki nusu ya inayotarajiwa kwa mtu wa umri, urefu na jinsia yake. Kwa ukali hilo ni daraja la tatu kati ya manne. Hakikisha karatasi inaonesha kwamba kipimo kilirudiwa baada ya dawa, maana mkaguzi atalitafuta hilo. Halafu itolee nakala leo na uipige picha kwa simu. Mashine nyingi ndogo huchapa kwenye karatasi ya aina ya risiti, na maandishi yake hufifia yakikaa kwenye joto. Nimeona wagonjwa wakifungua bahasha na kukuta karatasi nyeupe.

Ndiyo maana ushauri wa jirani ni mbaya. Kwanza ni udanganyifu, na unaweza kumponza daktari na kukugharimu kadi. Pili, utabaki kwenye faili. Siku baba akifika amezidiwa, daktari wa zamu atatibu ugonjwa alioukuta umeandikwa. Tatu, huna sababu ya kudanganya, kwa kuwa ukweli wa baba unatosha kupata kibali.

Mrudishe basi kwa daktari bingwa, Bugando au Sekou Toure, popote alipopimwa. Nenda na spairometri, karatasi ya kuruhusiwa alipolazwa, fomu iliyorudishwa, na makasha matupu ya dawa zote alizotumia. Mwombe aandike ombi yeye mwenyewe. Usione haya kumwambia kinachotakiwa kuwemo, wengi wetu tunashukuru. Ombi linalopita huwa fupi, mfano wake ni huu:

*"Mgonjwa mwanamume, miaka 67. J44. Historia ya sigara na moshi wa tanuri la samaki kwa miaka mingi. Spairometri baada ya salbutamoli: FEV1/FVC 0.54, FEV1 48% (nakala imeambatishwa). Amezidiwa mara 2 katika miezi 12, mara 1 akalazwa (karatasi imeambatishwa). Ametumia salbutamoli na aminofilini bila kutulia. Namna anavyovuta imekaguliwa na ni sahihi. Naomba tiotropiamu mikrogramu 18, kapsuli 1 kwa siku, miezi 3, kisha tathmini."*

Kila sentensi hapo inajibu swali. Kuzidiwa mara mbili kwa mwaka, au kulazwa hata mara moja, ni ishara ambayo miongozo ya ugonjwa huu hutumia kusema mgonjwa yuko hatarini na anahitaji dawa ya muda mrefu ya kila siku. Watu husahau kuiandika kwa sababu wanaiona ya kawaida. Maneno "kisha tathmini" nayo yana kazi, yanamwonesha mlipaji kwamba dawa haiombwi hadi mwisho wa dunia.

Kama kipimo cha makohozi cha kifua kikuu na picha ya kifua havijafanyika, viombe siku hiyo hiyo. TB ya zamani nayo huacha mirija imeziba, na nisingependa mtu wa visiwani aanzishiwe dawa ya miaka bila hilo kutazamwa.

Hospitali kubwa huwa na dawati la bima. Pitia hapo kabla ya kwenda famasi, waangalie fomu ikiwa bado mkononi mwako. Ikirudishwa tena, omba sababu kwa maandishi, kwa sababu suluhisho la kila sababu ni tofauti. Taarifa pungufu: ongeza karatasi. Ngazi ya kituo: badilisha kituo. Vigezo vya kitabibu: daktari ndiye azungumze na mtaalamu wa Mfuko, wewe utajichosha bure, na ofisi ya NHIF ya mkoa inaweza kukuelekeza wa kuzungumza naye. Lakini jibu likiwa kwamba dawa haimo kwenye kitita, hapo kupigana hakusaidii. Mwombe bingwa achague nyingine ya kuvuta ya muda mrefu iliyomo. Zipo zaidi ya moja, na nyingine ni mchanganyiko kama ule wa mama. Kwa wasomaji wenye bima ya kampuni, ukishindwana na kampuni unaweza kufika kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Na mzee wa miaka 60 au zaidi asiye na bima wala uwezo aanzie kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali ya serikali, aulizie msamaha wa wazee.

Wakati mnasubiri, mimi nina wasiwasi zaidi na hiyo aminofilini inayomezwa peke yake. Kiwango kinachotibu na kinachodhuru viko jirani mno. Ikizidi mwilini huleta kichefuchefu, moyo kwenda mbio, hata degedege. Akiwa anaimeza, akanunua siprofloksasini au erithromaisini duka la dawa kwa ajili ya makohozi, kiwango kinapanda. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba hata akiacha sigara kinapanda, kwa sababu moshi wa sigara huufanya mwili uichome dawa hii upesi. Asiikatishe leo wala asiongeze kidonge. Mwambieni daktari anaimeza, ili aamue.

Pampu haizoeshi. Mgonjwa huihitaji kesho kwa sababu ugonjwa bado upo kesho, sawa na mwenye presha na vidonge vyake. Kilicho kweli ni kwamba akianza kutumia salbutamoli mara nyingi kuliko kawaida yake, ugonjwa unamshinda na arudi kliniki. Mwambie baba na hili: kidonge cha salbutamoli ambacho wazee hawakiogopi kina miligramu 4, yaani mikrogramu 4,000, wakati mpulizo mmoja wa pampu una mikrogramu 100. Kidonge kimoja ni sawa na mipulizo 40, tena kinazunguka mwili mzima kabla ya kufika kifuani.

Tatizo la pampu kwa wazee ni kuoanisha kubonyeza na kuvuta. Dawa nyingi huishia kooni. Chukua chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita, ioshe kwa sabuni na uiache ichuruzike bila kuifuta. Toboa kitako kwa waya wa moto, tundu litoshe mdomo wa pampu bila kupwaya. Baba afunge midomo kwenye shingo ya chupa, abonyeze mara moja, avute na kutoa taratibu mara nne au tano, apumzike kidogo, arudie mpulizo wa pili. Watafiti wa Afrika Kusini walipima chupa za namna hii kwa watoto wenye pumu na wakaona zinafanya kazi vizuri.

Pampu ya mama iacheni kwa mama. Mchanganyiko wake si sumu kwa baba, na baadhi ya wagonjwa wa COPD huandikiwa huo huo. Ila steroidi ya kuvuta huongeza hatari ya nimonia kwa watu wa aina yake, kwa hiyo daktari apime kwanza nani anaufaidi. Halafu mkigawana, katikati ya mwezi mama ataishiwa, na mtakuwa na wagonjwa wawili badala ya mmoja.

Je, mnunue tiotropiamu kutoka mfukoni hadi kibali kitoke? Kama mnaweza bila kukopa, ndiyo, mwezi mmoja mmoja, mkiulizia bei famasi zaidi ya moja. Lakini msiuze ng'ombe wala mtumbwi. Dawa hii hupunguza kuzidiwa na humwezesha mtu kutembea mbali zaidi. Haijengi upya pafu lililoharibika. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2008, wa wagonjwa karibu 6,000 waliofuatiliwa miaka minne, ulionesha hivyo hivyo: kuzidiwa kulipungua, maisha yakawa na nafuu, ila kasi ya mapafu kuchoka haikubadilika kwa kiasi cha maana. Kinachopunguza kasi hiyo ni kuacha sigara, hata katika umri wa 67, hata zile za moja moja. Na tanuri liondoke uani. Likae upande ambao upepo wa ziwa unaupeleka moshi mbali na nyumba, na baba ahamie kwenye kununua na kuuza, kubanika wafanye wengine. Najua kwenye biashara ya samaki ni rahisi kusema. Bado ningelitanguliza hili kabla ya kapsuli yoyote.

Dawa ikitoka, soma kasha naye. Kama ni zile kapsuli, hazimezwi, ingawa zinafanana na za kumeza na wapo wanaozimeza mwezi mzima bila nafuu. Kapsuli hutobolewa ndani ya kifaa chake na unga ukavutwa kwa pumzi ndefu na ya kina. Akivuta vizuri husikika ikitetema. Zibaki kwenye karatasi yake hadi dakika ya kutumia, unyevu wa kando ya ziwa huziharibu. Mwulize pia, kwa heshima, au mwache kaka yako amwulize, kama mkojo humsumbua kutoka. Tiotropiamu inaweza kuubana kabisa kwa mzee mwenye tezi dume iliyovimba, na wazee hawalisemi hili mbele ya binti zao. Presha ya macho nayo itajwe kwa daktari.

Yapo mambo yasiyosubiri kibali wala meli ya asubuhi kuja Mwanza. Akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, midomo ikiwa ya bluu, akiwa na usingizi usio wa kawaida au akianza kuchanganyikiwa, apelekwe hospitali ya Nansio saa hiyo hiyo. Makohozi yakiongezeka na kugeuka rangi huku pumzi ikipungua, aende siku hiyo. Miguu ikivimba, akikohoa damu, au akikonda na kutokwa jasho usiku, asimalize wiki nyumbani. Na popote atakapowekewa oksijeni, anayempeleka aseme mapema kwamba mgonjwa ana COPD: kwa wengi tungetaka kiwango cha juu zaidi kwenye kile kifaa cha kidoleni, ila kwa watu kama baba tunalenga asilimia 88 hadi 92, maana oksijeni nyingi kupita hapo inaweza kuwafanya wapumue kwa shida zaidi na kupoteza fahamu. Liandikeni hilo kwa kalamu nene juu ya bahasha yake ya vipimo.